Kadi Tatu za Mama

Baba alikuwa amelala kiti cha nyuma cha gari la kukodi, ngiri imembana, tumbo gumu kama ubao. Tulitoka kijijini kwetu Tlawi asubuhi, na sasa tumesimama Mbulu mjini mbele ya mashine ya benki. Dereva alitaka laki moja na nusu mkononi ndipo atupeleke hospitali Haydom. Alisema abiria wameshamkimbia bila kulipa nauli mara nyingi, hasikii la mtu.

Mama akanipa kadi. Tatu, za benki tatu.

"Mama, zote hizi za nini?"

"Kwani ng'ombe wote unawaweka zizi moja?"

Kwetu mwenye ng'ombe hawafugi wote nyumbani. Mmoja anakaa kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, ili ugonjwa ukiingia usifagie wote. Anayekufugia anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako. Mama alipouza vitunguu saumu, na hela akaifanya hivyo hivyo: kila benki elfu hamsini.

Nikaingiza kadi ya kwanza, nikaomba hamsini. Salio halitoshi. Mwaka ule serikali ilikuwa imeanza kukata tozo kwa kila anayetoa fedha, juu ya makato ya benki yenyewe, na mashine ile haikuwa na noti ndogo kuliko elfu kumi. Nikaomba arobaini, ikatoa. Nikakimbilia benki ya pili, arobaini. Ya tatu, nayo arobaini. Zingekuwa kwenye kadi moja, tungepungukiwa elfu kumi tu, ningembembeleza dereva. Sasa tulipungukiwa thelathini, na yeye ameshazima injini.

Niliikasirikia serikali inayomkata hata mgonjwa, nikamkasirikia na mama.

"Umeona sasa? Benki siyo zizi, mama."

Mama alikuwa anaongea na simu kwa Kiiraqw, maneno machache tu. Nyuma baba aliguna, kisha akanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi. Nikamshika mguu. Ulikuwa wa baridi. Nikamwomba dereva twende, nikamwomba tena, akawa anaangalia pembeni.

Ndipo pikipiki ikaja mbio, ikasimama ubavuni mwa gari. Nilimfahamu yule mwanamume: anaishi nje kidogo ya mji, ndiye anayemfuga mtamba wa mama. Akainama dirishani.

"Shikamoo, baba."

Baba akaitikia kwa midomo tu. Yule bwana akatoa elfu thelathini mfukoni, akampa dereva, wala hakuuliza atarudishiwa lini. Injini ikawaka.

Haydom walimpeleka baba moja kwa moja kupasuliwa. Daktari alipotoka alisema tungekawia kidogo tu, asingekuwa na la kufanya. Mama alikaa kwenye benchi, akazifunga kadi zake tatu kwenye kitambaa, taratibu.

"Ile benki yangu ya nne," akasema, "inakuja yenyewe na pikipiki, na haikati kitu."

Nikacheka, na machozi yananitoka.