Siku Niliyoubana Wimbo wa Litungu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuingiza nyimbo kwenye simu, pale Sirari, bosi, fundi mmoja mtu wa Tanga, alinivalisha headphone na kunisikilizisha wimbo uleule mara mbili. "Wa kwanza ni kilobiti mia tatu na ishirini kwa sekunde, wa pili sitini na nne. Umesikia matoazi yalivyoharibika?" Nilisikia. Namba ikishuka faili hupungua uzito, na muziki nao hukonda.

Kisha dhahabu ikavuma, nikahamishiwa kibanda cha machimboni, upande wa Tarime. Wachimbaji wa kila mkoa walitaka kitu kimoja tu: nyimbo nyingi kwenye memori kadi ndogo. Basi kila kitu nilikibana kuwa MP3 ya sitini na nne. Kwa kelele zile za mashine za kusaga mawe, nani angesikia matoazi? Nilijiona bingwa.

Ndipo akaja Marwa, mchimbaji kutoka Machochwe. Nusu ya kadi yake ilikuwa rekodi moja ya baba yake akipiga litungu, kinubi kikubwa cha Wakurya. Ilikuwa WAV, yaani sauti ambayo haijabanwa kabisa. Nikaibana, nikafuta ile ya asili ili nyimbo nyingine ziingie. Wala sikumuuliza.

Kesho yake alirudi amenuna. "Dada, uzi mnene haungurumi tena. Umemfanya nini baba?"

Niliipandisha hadi mia tatu na ishirini. Faili likanenepa, mkwaruzo wa uzi haukurudi. Nikampigia bosi huku nalia kwa aibu.

"Mzee yu hai?" akauliza.

"Yupo, ila ni mgonjwa," Marwa akadakia.

"Funga kibanda. Chukua kinasa sauti, mwende."

Kwake Machochwe, mzee aliisikiliza kazi yangu, akacheka mpaka machozi. "Huyu mmemfungia kwenye debe!" Vidole vilikuwa vimechoka, lakini alipiga, na katikati akakohoa. Nilitaka kukikata kile kikohozi. Marwa akanizuia: "Acha, dada. Ndiye mwenyewe."

Nilimalizia kazi Mugumu, nikastaafu kwa amani. Vijana mkiniuliza, nawaambia kilobiti mia moja tisini na mbili zinatosha masikio mengi, ila ya asili msiifute. Nilikuwa bado kazini walipomzika mzee; Marwa na ndugu zake walinijia, kila mmoja na kadi yake, wakitaka ile rekodi. Safari hii niliuliza kwanza: niibane? Wakakataa wote. Tukaisikiliza nzima. Mzee alipokohoa, dada yao mkubwa akainuka kidogo kitini, akasema, "Shikamoo, baba."