Mtuzi Uliogeuzwa Mchuzi

Mama ameingiwa na mtoto wa jicho, haandiki tena. Dada yangu, aliyeolewa mbali, alitaka mapishi ya nyumbani yaandikwe kwa maneno ya mama mwenyewe, si yangu. Basi tulikaa sebuleni kwetu Likoni, mama akisema, mimi nikichapa kwenye kompyuta.

Nilipomsomea ukurasa wa kwanza, alinikatiza.

"Mchuzi? Mimi nimesema mtuzi. Na huo mchele ni wa nani? Mimi nimesema mtele!"

Nilitazama kioo cha kompyuta, nikashangaa. Vidole vyangu viliandika mtuzi, kama tusemavyo kwetu Likoni, naapa. Programu ndiyo iliyojigeuzia. Nilirudisha neno, ikaligeuza tena, kana kwamba inanifundisha adabu. Mama aliinuka, akajifunga leso.

"Kamwambie dadako aulize hiyo mashine. Mimi sisemi tena."

Na kweli hakusema. Siku zikapita, nikimbembeleza, ananijibu habari za mvua. Niliogopa. Mapishi yale hayakuwa popote ila kichwani mwake.

Lakini pia nilikuwa nawashwa na swali: nani aliyeamua kwamba mtuzi si neno? Nilipekua programu ile kila kona, nisione orodha yake ya maneno. Nikampigia binamu yangu, mwalimu wa kompyuta kule Mikindani. Akaja kunitilia programu nyingine.

"Ya nani hii?" nikamuuliza.

"Ya watu. Ni programu huria."

"Ya bure, yaani," mama akadakia kutoka jikoni. "Cha bure kina nini ndani yake?"

"Hilo ndilo jema lake, shangazi. Hii waweza kufungua ukaona."

Binamu alipoondoka nilifungua. Wallahi, nilikaa pale nimeduwaa, chai ikapoa. Kamusi nzima ilikuwa faili la kawaida, maneno yamepangwa moja chini ya jingine. Mchele ulikuwepo, mchuzi ulikuwepo. Mtele haukuwepo, mtuzi haukuwepo. Hakuna aliyetukataza, hakuna tu aliyekuja kuyaandika. Nikaanza kuyaandika.

"Wafanya nini saa zote hizo?" mama akauliza.

"Natia maneno yako, mama. Mtele. Mtuzi. Mtanga, ule wa ufuoni."

Alikuja akasimama nyuma yangu, ingawa yeye herufi hazioni.

"Tia na ndia. Na mato. Na ndaa." Nikatia njia, macho na njaa kwa matamshi yake. Akafikiri. "Na hao wenye programu watayaona?"

"Nikiwapelekea. Mtu yeyote aruhusiwa kupeleka."

Akavuta kiti, akaketi. Akaniambia papa mkavu hulowekwa kwanza, na ukwaju hautiwi mpaka tui lichemke. Nilichapa mbio, nikamsomea, na mtuzi ukabaki mtuzi. Nilifurahi, karibu nilie.

"Wapelekee," akasema. "Wasije wakadhani mamako hajui Kiswahili."