Hafi Mtu Nyumbani kwa Shangazi

Shangazi ameshona sare za shule miaka arobaini, kijivu na buluu, buluu na kijivu. Lakini Jumamosi mchana hufunga duka, akavaa viatu vyenye soli nene kama tofali, akajipaka rangi ya fedha kwenye kope, akaweka santuri yake ya roki. Nyimbo zote ni hadithi moja: mwimbaji mwenye manyoya mabegani anachokwa na mashabiki, anakufa jukwaani, halafu anashuka tena kutoka kwenye nyota na kuvishwa taji. Wimbo ukifika kwenye taji, Shangazi huruka mpaka kopo la vifungo linamwagika.

Jumamosi iliyopita nilimletea albamu ileile kwenye simu. Tulicheza weee! Ajabu, mwimbaji alianza kwa kushuka kutoka kwenye nyota, na wimbo wa mwisho ukamwacha amekufa.

"Nani kamuua?" Shangazi aling'aka.

Nikaikagua santuri. Karatasi za katikati zilikwisha banduka zamani, huwezi kujua upande upi ni wa kwanza. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Shangazi, miaka yote hii unaanza na upande wa pili!"

Akanitazama kama fundi anavyomtazama aliyemharibia kitambaa cha mteja.

"Basi aliyeitunga ndiye aliyekosea," akasema, akiizima simu yangu. Akaweka santuri, upande wake uleule, akapandisha sauti mpaka vioo vikatetemeka.

"Inuka, mwanangu. Akishakufa tu, anarudi."