Kitufe cha "Baadaye"

Kwa miaka sita nimesema kwamba kompyuta za ofisi yetu ya afya kule Masisi ziliuawa na nyimbo za kwaya. Si kweli. Niliziacha wazi mimi, mhitimu wa informatique, elimu ya kompyuta, ambaye diploma yake ilitundikwa ukutani juu ya kompyuta hizo hizo.

Nilianzia Walikale. Siku ya kwanza médecin chef, daktari mkuu wa eneo, alinionyesha kompyuta nne na jenereta moja, akasema: "Mama, miye naomba kitu moja tu: raporti itoke kila juma. Ingine yote iko yako." Nikajiona waziri.

Vijana mnaofanya kazi hii leo mtacheka, lakini kwetu sasisho, au mise à jour kwa Kifaransa chetu cha ofisini, lilikuwa mgeni mlaji. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, una matundu kama bati la zamani. Waliouunda wakigundua tundu, hutuma kiraka kupitia mtandao. Mtandao wetu ulitegemea dishi moja la setilaiti. Kiraka kikianza kushuka, barua pepe za wote zinasimama. Tena jenereta ilizimwa kila siku saa sita mchana. Siku moja ilizimwa sasisho likiwa nusu, na kompyuta ile haikuamka tena. Nikajifunza somo, tena somo bovu.

Nilipohamishiwa Masisi, gestionnaire, msimamizi wa mali na watumishi, alitokea mlangoni kwangu.

"Mama, nani anakula connexion yetu?"

"Ni mise à jour, Papa."

"Uiambie irudie kesho."

Nikabonyeza "Plus tard", yaani "Baadaye". Kesho yake tena. Mwishowe niliingia kwenye mipangilio nikazima masasisho kabisa, kompyuta zote, zisinisumbue. Methali ya ufa na ukuta niliijibu vizuri sana kwenye mtihani.

Karani wetu alikuwa Papa Bauma wa Kalembe, aliyeingiza kwenye kompyuta majina ya watoto waliozaliwa eneo zima kwa vidole viwili. Kila asubuhi alichomeka clé yake, kile kidude kidogo cha kubebea faili, ili asikilize kwaya ya parokia yao huku akiandika. Asubuhi moja faili zote zilikataa kufunguka. Kirusi kilikuwa kimezitia kufuli. Majina ya miezi minane yalipotea, na baadhi ya madaftari ya karatasi yalikuwa yamebaki katika vijiji vilivyokimbiwa kwa vita. Kuna watoto Lushebere ambao hadi leo hakuna karatasi inayosema walizaliwa.

Gestionnaire aliuliza kirusi kimepitia wapi. Nikasema: "Clé ya Papa Bauma." Labda kilipitia hapo kweli. Lakini kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa zamani, na aliyekifungia mlango ni mimi. Papa Bauma alisimama pale, kofia mkononi, hakujitetea. Juma hilo hilo aliachishwa kazi. Mimi nilipelekwa Goma kwa mafunzo ya usalama wa kompyuta, nikarudi na cheti.

Sasa nimestaafu kabla mvi hazijatimia, maana mradi uliokuwa ukinilipa ulifungwa na mimi nikafungwa nao. Watu huniuliza ni nini kilikuwa kigumu kazini. Hujibu: umeme. Kumbe kigumu kilikuwa sentensi moja ya kuungama, nami kila siku niliibonyezea "Baadaye".

Mwezi uliopita simu iliita.

"Mama informaticien, miye njo Bauma, wa Kalembe. Parokia ilinipatia ordinateur. Iko inaniuliza juu ya mise à jour: sasa, ao plus tard. Nifinye wapi?"

"Finya sasa, Papa."

"Weye ulikuwa unafinyaka plus tard."

Upande wa pili kuku walikuwa wakilia.

"Uliniona?" nikauliza.

"Kiti yangu ilikuwa nyuma yako, Mama. Miaka mbili naangalia mugongo yako."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangojea useme weye."

Nikamsikia akibonyeza, polepole, kama zamani.

"Imeandika tusizime," alisema. "Iko ku tatu kwa mia. Bon. Wakati tuko nayo. Sema."