Mkanda wa Mwisho wa Aminieli

Tekla alikuwa akimenya ndizi za mchana pale Gidion, jirani yao wa Kikatiti, aliposimama mlangoni na kuvua kofia.

"Dada Tekla, weka kisu chini kwanza."

Akakiweka.

"Kaka yako Aminieli ametutoka. Kifua kimemshinda."

Tekla hakulia. Akauliza, "Video ya mazishi atapiga nani?"

"Mwenye kamera hapa ni Philemoni peke yake. Lakini kama hamumtaki…"

"Mwiteni."

Aminieli alikuwa fundi wa kuonyesha sinema mjini Arusha. Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, video zilipoingia na jumba la sinema likafungwa, alirudi nyumbani na projekta kuukuu na sinema moja ya makauboi wa Kitaliano, mikanda mitano. Alitundika shuka kwenye ukuta wa ghala la kahawa, akasimama kando akitafsiri kwa Kiswahili na Kimeru, mengine akiyatunga mwenyewe. Watu walimpenda. Hata barabarani watoto walimsalimu kwa jina la shujaa wa sinema, "Shikamoo, stelingi."

Msaidizi wake alikuwa Philemoni, mbeba makopo ya mikanda. Jumamosi moja, pale kwenye shuka, stelingi alimpata muuaji wa baba yake, wakasimama wakitazamana, mkono kiunoni. Mkanda wa nne ukaisha. Aminieli alifungua kopo la tano, likawa tupu.

"Aminieli, stelingi amekwenda kukojoa?" mtu alipiga kelele, na uwanja mzima ukacheka.

Kesho yake Philemoni alifungua kibanda chake cha video, akaonyesha sinema ileile kwa kaseti. Mlangoni aliandika: HAPA MWISHO UPO. Mkanda wa tano ulikuja kuonekana darini mwake, mafundi walipobadilisha mabati.

"Mwachie Mungu," Aminieli alimwambia dada yake. Hakutundika shuka tena.

Tekla hakumwachia. Miaka minne, kila Jumapili, sala ikifika kwenye kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo.

Siku ya mazishi ndiye aliyesoma historia ya marehemu. Alisoma kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, kazi ya mjini. Kisha akainua macho kwenye kamera na kueleza habari za kopo tupu, akataja na jina la mwizi. Kamera ikashuka.

"Inua, Philemoni," alisema kwa upole. "Familia inataka mpaka mwisho."

Akainua.

Mchungaji alimtazama Tekla kwa muda, kisha akaendelea na ibada. Jeneza lilishushwa shimoni katikati ya migomba, kando ya kaburi la baba yao. Ndugu walitia udongo, wakafuata majirani. Zamu ya marafiki ilipotangazwa, Philemoni aliweka kamera chini, akainama achote udongo.

"Wewe piga picha," Tekla alimwambia.

Akaiokota, akawapiga picha wenzake wakitia udongo mmoja mmoja. Vijana walimalizia kwa majembe. Shada liliwekwa, msalaba ukasimikwa, wimbo ukaimbwa beti zote. Kisha watu wakanawa mikono, wakaenda kula.