Meno ya Binti Yangu Mbele ya Kamati

Barua ilikuja imekunjwa ndani ya mkoba wa shule wa binti yangu, imelowa uji. "Kamati imeamua mtoto asirudi tena nasari kwa sababu anauma wenzake." Mhuri juu. Basi. Mtoto wa miaka sita, amebakisha muhula mmoja aingie darasa la kwanza, amefutwa kama kibarua. Na hapa mtaani Umoja, shule ya msingi ikiuliza alimalizia nasari gani, nitasema nini?

Asubuhi sikwenda sokoni. Nilienda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, naye, maskini, akanitolea faili la kumbukumbu za kikao ili nione kila kitu kilifanywa sawasawa. Kweli kilifanywa. Kikao kilifunguliwa kwa maombi. Waliohudhuria, watano. Chini yake: "Waliokosa bila udhuru." Hapo nikakuta jina langu, peke yake.

"Mwalimu, nani aliniita?"

"Ilitangazwa."

"Wapi?"

"Kwenye kikao."

"Kikao ambacho sikuwepo?"

"Ndiyo maana tukaandika hukuwepo, mama."

Nikageuza ukurasa. Aliyeleta mashtaka ni nyanya wa mtoto aliyeumwa. Nyanya huyo huyo ndiye mwenyekiti. Alijisikiliza, akajiamini, akapiga mhuri. Nilivuta kiti cha watoto, nikaketi magoti yakinigusa kidevu, nikamwambia mwalimu siondoki mpaka kamati iitwe upya. Alivumilia hadi saa ya uji, kisha akasema Ijumaa.

Ijumaa nilifika na binti yangu, nguo imepigwa pasi. Kabla ya maombi kuisha vizuri nikasema, "Mama mwenyekiti, kwa heshima, leo wewe utoke nje. Huwezi kuleta kesi na kuikata."

"Ati nitoke? Msichana, mimi niko kwa hii kamati tangu ukiwa na kamasi."

"Basi umechoka, mama. Pumzika kidogo."

Wazee wawili walicheka ndani ya vikombe vya chai. Alitoka, lakini akasimama dirishani, kilemba chake kikituzibia nusu ya mwanga.

Nikamwambia binti yangu afungue mdomo. Meno ya mbele yameng'oka, juu mawili, chini mawili. "Haya, wazee wangu. Huyu anauma watu na nini? Ufizi?"

Nilijua nimeshinda. Hapo mzee mmoja, fundi viatu, akainama taratibu mbele ya mtoto.

"Mami, ulimuuma?"

"Ee."

"Na nini, na huna meno?"

"Na ya nyuma." Akavuta shavu kwa kidole ili wote waone.

Mimi nilikuwa nimeangalia ukutani, nasoma herufi za watoto kuanzia a.

"Na kwa nini?"

"Alishika mlango wa choo nisitoke. Nikalia. Akaingiza kidole kwa ile shimo ya mlango akanicheka. Nikakiuma."

Sauti ikatoka dirishani: "Hapo anasema ukweli! Hicho kidole kinaingia kila mahali, hata kwa sufuria yangu!"

Hata mwalimu alicheka. Waliamua palepale: binti yangu arudi Jumatatu, yeye na mwenzake waombane msamaha, na ule mlango uzibwe shimo.

Tukirudi nyumbani nikasimama katikati ya njia. "Wewe! Mbona hukuniambia ulimuuma?"

"Hukuniuliza."

Ni kweli. Siku nne nilikuwa nimemuuliza mwalimu, jirani, mama wa mboga, hata dobi wa ploti tunayokaa. Mwenye meno nilimpigia nguo pasi tu.

"Haya," nikasema, "niambie yote."

Alianza na choo. Kufika kwetu alikuwa bado hajamaliza, na kulikuwa na kesi nyingine mbili ambazo kamati haijui.