Shosho Alisema Anaogopa Kifafa

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Ngara, kila mtu kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga alijua kwamba kifafa kiko kwenye povu. Ukimgusa mgonjwa kabla povu halijakauka, kinakuhamia. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Nekesa, binti wa jirani yetu mkaanga mandazi wa langoni, alikuwa na kifafa. Mkononi alikuwa na kovu la siku alipoangukia jiko watu wakitazama. Mama yake aliishi akihofia mara ya pili.

Siku moja akaja mwanamke wa shirika fulani, akiuliza watu wanaamini nini kuhusu ugonjwa huo. Kinyozi wa ploti alijibu kwanza.

"Madam, sisi ni watu wa taon. Hizo za povu ni stori za ushago, za huko kijijini. Akianguka, mimi namshika tu."

Wengine wakajibu hivyo hivyo. Zamu ya bibi yangu, Shosho, ilipofika, alisema, "Kinaambukiza. Mimi naogopa kumguza."

"Ai, Shosho! Unatuaibisha mbele ya mgeni," kinyozi akacheka.

"Si ameuliza?"

Nilitamani angedanganya kidogo.

Hazikupita wiki nyingi, Nekesa akaanguka asubuhi, mama yake akiwa ameenda kununua unga. Miguu yake ilikuwa ikilipiga jiko, na karai la mafuta ya moto likitikisika juu ya jiko hilo. Kinyozi alitoka na mashine yake mkononi.

"Msimguze! Ngojeni povu ikauke!"

Sote tukasimama.

Shosho alipita katikati yetu akimwita Mungu, "Ngai, Ngai," kama mtu anayeingia maji baridi. Alimvuta Nekesa kwa sweta mbali na moto, akamlaza ubavu, akakaa naye mpaka akatulia. Povu lilimlowesha mikono.

Jioni alinawa kwa chumvi hadi viwikoni. Kisha akatenga kikombe na sahani yake, akanikataza kuvigusa.

"Shosho, kimekushika?"

"Sijui. Tungoje tuone. Lakini wewe usikuje karibu."

Tulingoja. Hakikumshika, wala yeye hakubadili imani yake.

Siku hizi kazini hunifikia ripoti za utafiti wa namna ile. Najua Shosho angewekwa upande wa wasioelewa, na kweli hakuelewa. Kinyozi alielewa, angalau mdomoni. Lakini mkono ulionyooshwa ni wa yule aliyeamini kwamba utamponza, na bado sijakutana na swali linaloweza kupima hilo.